Kadi ya Siku ya Ijumaa

Kadi zilikuwa zinakuja kwa mafungu, zimefungwa na raba, na Waya alizipokea kama mtu anavyopokea wageni wa mbali: moja moja, anaitazama usoni, anaigeuza mgongo, ndipo anaipa nafasi mezani. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika siku nyingi. Miaka arobaini alitengeneza redio za watu kwenye kichumba kile kile chenye dirisha moja, mbele ya nyumba yake, na waliozaliwa mtaani pale walimkuta tayari anaitwa Waya. Basi naye akaitika.

Asiyejua mambo ya hizi kadi atadhani wazee wamerudi utotoni. Ni hivi. Duniani kuna watu wana redio zao nyumbani, siyo za kusikilizia muziki, ni za kuongea. Mmoja yuko huku, mwingine yuko ng'ambo ya bahari, hawajuani, wanasalimiana kwa sauti au kwa kugonga kitufe, alama fupi na alama ndefu. Sasa kati ya hao kuna wanaokusanya visiwa kama watoto wanavyokusanya vifuniko vya soda. Kisiwa kikiwa hakina mtu ndiyo kinatafutwa zaidi. Kwa hiyo wengine wanajitolea, wanabeba hema, betri, nyaya na maji ya kunywa, wanakwenda kukaa kwenye jiwe lenye ndege watupu katikati ya maji, wanasimamisha waya, wanaita. Dunia nzima inawarukia. Kila mtu anapewa nusu dakika: nakusikia, asante, mwingine. Baadaye yule aliyesikika anatuma kadi yake, na huku kuna mtu wa kuangalia kitabuni kama kweli aliongea na kisiwa siku ile na saa ile. Akimkuta, anamgongea muhuri na kumrudishia kadi ya kisiwa yenye picha. Huyo mtu wa kuangalia kitabuni ndiye Waya.

Waliokwenda kwenye jiwe walikuwa wawili. Mmoja ni Mwalimu, mstaafu wa hesabu, rafiki wa nyumba. Mwingine ni mdogo wake Waya wa tumbo moja, jina la utani Kobe. Walimwita Kobe kwa sababu hata kula alikula polepole, na kitufe alikigonga hivyo hivyo: kila neno alama ya mwisho anaivuta, kama mtu anayeburuta gunia la mwisho jioni. Wenzake wa redio walimtania, lakini hakuna aliyemchanganya na mwingine.

Kobe hakurudi mzima. Siku ya Jumatano walipokuwa wanafungasha, bahari ilichafuka mapema kuliko ilivyosemwa. Mwalimu alikuwa chini anapakia mizigo kwenye boti. Kobe alikuwa amepanda upande wa pili wa jiwe kuteremsha waya mdogo, redio ndogo ya betri iko begani ndani ya mkoba. Akateleza, akaangukia kwenye ufa. Nahodha akapiga honi, akasema akikaa hapo dakika tano zaidi wanazama wote, wakaondoka. Mwalimu alipofika pwani alipiga simu akisema Kobe amekufa palepale alipoanguka. Bahari ilitulia Jumapili, ndipo wakaenda kumchukua, na Jumatatu akazikwa.

Kitabu cha kisiwa kilikuwa na watu elfu mbili na zaidi, wote wanangoja kadi. Waya alifikiria kuacha. Aliyemkatalia ni mke wa marehemu, shemeji yake, ambaye mtaani anaitwa Mama Pacha. Alisema kazi ile ni ya mume wake na haiwezi kuachwa nusu. Yeye ni karani wa shule, amesoma, lugha za wageni anazijua, kwa hiyo kila Jumanne na Jumamosi akitoka kazini alipitia kwa Waya wakafanya kazi pamoja. Waya anatafuta kitabuni, anagonga muhuri, shemeji anaandika anwani na kusoma barua ndogo zinazokuja ndani ya bahasha.

Walikuwa wanataniana hata katika msiba ule. Mama Pacha alikuwa akisema muhuri wa Waya umekaa upande kama kofia ya mlevi. Waya anamjibu kwamba karani wa shule amezoea kuonea watoto. Halafu wanacheka kidogo, wanarudi kazini. Na karibu kila mara, akiwa analamba bahasha, Mama Pacha alisema neno lile lile, kwamba angalau mume wake hakuteseka. Alilisema kama mtu anayejifunika shuka. Waya anaitikia, ndiyo shemeji, hakuteseka.

Sasa, kuna kadi za uongo pia. Mtu amekikosa kisiwa, roho inamuuma, anatuma kadi hivyo hivyo akidhani huku ni wajinga. Waya alikuwa na muhuri wao mwingine, mwekundu: HAYAMO KITABUNI. Zilishakuja kadi mbili za namna hiyo, moja imeandikwa Alhamisi, nyingine Ijumaa. Kitabu kinaishia Jumatano asubuhi. Waya alizigonga nyekundu kwa hasira, akazirudisha, tena akasema watu hawana haya, wanaongea na maiti.

Ya tatu ilikuja Jumatatu moja mchana, akiwa peke yake. Tarehe: Ijumaa. Saa, ukiigeuza kutoka saa ile ya dunia nzima wanayoandikia watu wa redio, ni kumi na moja jioni. Waya akanyoosha mkono kuchukua muhuri mwekundu. Pamoja na kadi, bahashani palikuwa na barua, barua ndefu ya mkono wa mzee, ya kigeni, na Waya kigeni chake ni kile cha kwenye makasha ya spea. Alikuwa anaiweka kando imsubiri shemeji yake. Jicho likakwama katikati ya ukurasa. Pale palikuwa na mstari wa herufi kubwa, na mstari huo aliuelewa wote.

KAKA KAKA MGUU MAJI KAKA

Alikaa nao muda mrefu. Mteja aliingia kuulizia redio yake ya gari, akajibiwa arudi kesho, akarudia kuuliza, akajibiwa arudi kesho. Halafu Waya akafunga duka, akatia barua kwenye mfuko wa shati. Hakuipeleka kwa Mama Pacha. Aliipeleka kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa sebuleni anasahihisha mitihani ya watoto wa jirani, kazi anayoifanya bure ili asichoke kukaa. Alifurahi kumwona, akaagiza chai. Waya akasema barua hii imenishinda, nisomee. Hakusema zaidi. Mwalimu akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti huku anageuza kwa lugha yetu, kama alivyozoea darasani.

Mwandishi alisema ni mtu wa miaka themanini na moja. Alisema siku ile mawimbi yalikuwa dhaifu sana, akasikia kisiwa kinaita polepole, na mkono wa mgongaji aliufahamu kwa sababu alishaongea naye Jumatatu, ule mkono unaovuta alama ya mwisho. Alifurahi kupata kisiwa mara mbili. Alimpa salamu kama desturi, nakusikia, asante. Yule akajibu kwa maneno ambayo mzee hakuyajua, akayarudia mara nyingi. Mzee alidhani Kaka ni jina la mgongaji. Akamgongea, asante Kaka, kwaheri, akazima ili wengine wapate nafasi.

Mwalimu alifika kwenye mstari wa herufi kubwa, akaacha kusoma. Kikombe cha chai alikuwa amekishika mkono wa pili, akakiweka chini kwa kukitafutia meza kama kipofu.

"Malizia," Waya akamwambia.

"Anauliza maana yake. Anasema ameyatafuta maneno hayo, hakuyapata. Anaomba kama inawezekana tumweleze kwenye kadi."

Waya akamuuliza swali moja tu. "Siku ile ulishuka kwenye ufa ukamshika?"

Mwalimu akaanza kueleza habari za honi na mawimbi na nahodha alivyokuwa anatukana. Waya akamwacha amalize, akauliza tena vile vile.

"Sikumshika," Mwalimu akasema. "Nilimwita mara tatu kutoka juu. Hakutikisika. Kichwa kilikuwa kimekaa vibaya, Waya, nilijua amekwisha."

"Na ungesema hujui, ingekuwaje?"

Mwalimu akavua miwani. Alisema angesema hajui, wangetuma helikopta siku ile ile. Lakini kule pwani watu wa uokoaji waliuliza, mzima au amekufa, naye akaona akisema hajui ataulizwa mbona umemwacha. Mtu aliyekufa hatumiwi helikopta. Halafu akatoa na lile la mwisho, maana lilikuwa limemkaa kooni miezi yote. Jumapili walipokwenda kumchukua, redio ndogo haikuwa kwenye mkoba. Ilikuwa kifuani kwa Kobe, betri imekwisha, na vidole viko juu ya kitufe. Mwalimu ndiye aliyetangulia kushuka. Aliirudisha mkobani kabla mabaharia hawajafika.

Waya alisimama. Alikuwa ametoka nyumbani kwake akidhani akijua ukweli atampiga Mwalimu, mzee kwa mzee, liwalo na liwe. Mikono haikunyanyuka. Kuna kitu kilikuwa kinamwambia asiwe na haraka ya kumpiga mtu, na njiani akirudi ndipo alipokielewa kitu chenyewe.

Saa kumi na moja jioni. Ile ndiyo saa yao. Siku zote za kisiwa, ikifika saa hiyo Kobe alikuwa anaacha wateja wake wa dunia, anahamia mahali pao pembeni kabisa ya mkanda wa mawimbi, pasipoitwa na wengi, anamgongea kaka yake dakika tano: nimekula, sijaumwa na ndege, wasalimie pacha. Waya alikuwa anangoja kwenye kiti. Jumatano ilipokuja simu ya msiba, nyumba ikajaa watu, yeye mwenyewe akaenda kuzima ile redio, akaifunika kitambaa cheupe. Hakuna aliyemtuma. Aliona si heshima kuiacha inapiga kelele ndugu yake amekufa. Ilikaa imefunikwa mpaka baada ya mazishi.

Na Kobe alikuwa anaita hapo hapo, mahali pao, kwa lugha ya nyumbani, Alhamisi na Ijumaa. Hakuwa anawaita wazungu. Wale watatu walimsikia kwa kupitia tu.

Siku ya Jumanne Mama Pacha alikuja kama kawaida, akatua mkoba, akauliza leo kuna wangapi. Waya alikuwa ameamua asiseme. Usiku kucha alikuwa ameamua hivyo, kwamba amwache mwanamke na shuka lake. Wakafanya kadi kama kumi. Kwenye ya kumi na moja shemeji akalamba bahasha, akasema lile neno lake, angalau hakuteseka, na Waya kinywa kikakataa kuitikia. Alijaribu. Ile ndiyo shemeji haikutoka.

Mama Pacha akamtazama. Kwa kuwa hakuwa mjinga, hakuuliza una nini. Alinyoosha mkono, kiganja juu, akangoja. Waya akatoa barua kwenye shati, akampa.

Aliisoma mara moja, bila kusogeza midomo. Akaisoma tena. Akauliza Mwalimu anajua, akaambiwa anajua, na Waya akamweleza yote ya Mwalimu bila kumpunguzia wala kumwongezea. Mama Pacha alisikiliza huku anaupanga mstari wa bahasha uwe sawa na ukingo wa meza. Alipomaliza kuzipanga akauliza.

"Hii saa kumi na moja ni ile saa yenu?"

"Ndiyo ile."

"Ijumaa hiyo ulikuwa wapi, shemeji?"

Hapo ndipo Waya angeweza kusema alikuwa msibani, na ingekuwa kweli. Angeweza kusema mawimbi yalikuwa mabaya.

"Nilikuwa hapa hapa, na wageni," akasema. "Redio nilikuwa nimeizima tangu Jumatano."

Mama Pacha alizisogeza pembeni bahasha alizozipanga. Kisha akavuta kadi ya kisiwa, mpya, yenye picha ya ndege na jiwe. Akamwambia Waya afungue kitabu, aandike chini ya mstari wa Jumatano: Ijumaa, saa, na alama ya kituo cha yule mzee. Waya akaandika. Akamwambia agonge muhuri wa kawaida. Waya akagonga. Shemeji akageuza kadi, akaandika kwa lugha ya yule mzee, huku anasema polepole anachoandika, ili Waya asije akasema hakuelewa:

"Bwana mpendwa, mawasiliano yamo kitabuni. Kaka siyo jina, ni ndugu mkubwa. Mguu ni mguu wa mtu. Maji ni ya kunywa. Alikuwa mume wangu. Asante kwa kumjibu."

Akaifunga. Barua ya mzee akaikunja ikawa ndogo, akaitia kwenye mkoba wake, akasema hii inakaa kwangu. Waya akataka kusema neno, sijui lipi, akaanza, "Mama Pacha," na mwanamke akanyanyua kiganja.

"Usije nyumbani mpaka nikuite. Watoto wakiuliza nitawaambia nijuavyo."

Bahasha ile aliipeleka posta mwenyewe, hakuiacha na nyingine.

Huu sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile, Waya hajaitwa. Kadi anazimaliza peke yake. Ikifika Jumanne, akisikia viatu vya mwanamke nje anasimamisha kazi, vinapita, anaendelea.