Mtindi wa Musaga

Siku ya nane tangu wanajeshi wawatoe watu mtaa wa Kinama, Daphrose alikuwa bado analala kwenye stoo ya nyumba ya Ghanima, kati ya magunia ya mchele na madumu ya mafuta. Alikuwa amepika katika nyumba hiyo miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo kila jioni alirudi kwake kwa miguu. Sasa kwake hakukuwa na mlango wala bati. Binti zake wawili, Orlane na mdogo wake, walikuwa wameshavuka mpaka kwenda Uvira pamoja na mama yao mdogo. Mumewe Valéry, fundi mwashi, aliondoka Jumamosi asubuhi kwenda Kinanira kuchukua vifaa alivyoviacha kwenye ukuta aliokuwa akiujenga. Leo ilikuwa Jumatano.

"Atarudi," Ghanima alikuwa akimwambia kila asubuhi. Asubuhi hii hakusema.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, na mtu akitaja mtaa wake ilitosha. Kinama ilikuwa ya Wahutu, Musaga ya Watutsi, na ili ufike Kinanira ulipaswa kupita kwenye bariyeri, vizuizi vya barabarani vya vijana wa Musaga. Valéry aliijua njia hiyo. Alisema fundi asiye na mwiko ni mtu wa kukaa tu, akaenda.

Daphrose alikuwa akipika mchuzi wa mtindi. Mzee Sleiman, mume wa Ghanima, alikuwa na vidonda vya tumbo, na jioni hakuna chakula kingine kilichopita kooni mwake. Mchuzi huo ulitoka kwa mama yake Ghanima, mwanamke wa Malabari, kusini mwa India, aliyeolewa na Mwarabu wa Omani akaja kuzeekea Bujumbura. Mwaka wa kwanza Ghanima alisimama nyuma ya Daphrose akimwelekeza: "Usiache uchemke. Ukichemka unakatika, na ukikatika hakuna dawa."

Ndizi mbichi zilikuwa zimeiva kwenye maji ya manjano na chumvi. Nazi alishaisaga pamoja na jira na pilipili mbichi. Ulikosekana mtindi tu, na mtindi aliuleta Pontien.

Pontien alikuwa mtunza stoo wa duka la Mzee Sleiman. Alikaa Musaga, na dada yake alifuga ng'ombe. Kwa miaka mingi yeye, Daphrose na Valéry walikula mchana pamoja kwenye ngazi ya nyuma, sahani moja. Jiko la nyumba yake alijengewa na Valéry, Jumapili mbili, bila kudaiwa kitu.

Saa kumi na moja kasoro alifika, akaweka jagi mezani, lakini hakutoka.

"Dada yako hajambo?" Daphrose aliuliza huku akipiga mtindi kwa kipekecho cha mti.

"Hajambo."

"Huko kwenu haujasikia habari ya Valéry?"

Daphrose alichanganya nazi na mtindi, akamimina juu ya ndizi, akapunguza makaa.

"Mama Orlane," Pontien akasema, "ukae kwanza."

"Siwezi kukaa. Hii itakatika."

"Nilimuona."

"Ulimuona nani?"

"Valéry. Samedi, siku ile aliondoka. Kwenye bariyeri." Alizungumza harakaharaka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Walikuwa wamemukamata, na kamfuko yake ya vyombo. Mi nilikuwa natoka kwa dada yangu. Akaniona. Akawaambia, mumuulize ule, ananijua, tunakula pamoja. Basi wakanigeukia. Wakaniuliza, we, unamujua huyu?"

"Ukajibu nini?"

"Nilisema simujui."

Mkono wa Daphrose uliendelea kuzungusha mwiko. Aliuona mtindi ukianza kutetemeka pembeni mwa sufuria, akaiepua kwa mikono mitupu, akaiweka chini. Hakusikia moto.

"Wangeniua na mi," Pontien akasema. "Niko na watoto wane."

"Yeye alisema nini, uliposema haumujui?"

"Hakusema kitu. Aliniangalia tu. Nikaendelea na njia."

"Yuko wapi?"

"Kwenye mutaro, nyuma ya shule. Dimanche asubuhi, kesho yake, nilirudi, nikamufunika na majani ya migomba."

Kichwani Daphrose aliyaona majani hayo, na mkono wa Pontien ukiyapanga. Alikaa chini kando ya sufuria.

Ghanima alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi, lakini alikuwa amesikia ya kutosha. Alikwenda sebuleni, na Daphrose akawasikia.

"Kesho," alisema Mzee Sleiman. "Kuvrefe ni saa moja, hakuna kutembea tena. Watawamaliza wote njiani."

"Siku ine amelala kwenye mutaro, Baba Nawal," mkewe akamjibu. "Mutu anayetupikia, ni mume wake. Nipe funguo ya kamioneti."

"Ghanima."

"Nipe funguo."

Alirudi jikoni amevaa buibui, kwapani katoni mbili za sigara za dukani. Daphrose alisimama kumfuata.

"We apana," Ghanima akamwambia taratibu. "Ukifika pale nitarudi na maiti mbili." Kisha akamgeukia Pontien. "We utakaa mbele na mi. Leo utamujua."

Gari likatoka. Daphrose alibaki na sufuria. Mzee alipaswa kumeza dawa, na dawa haimezwi tumbo tupu; hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Alipasha mafuta, akatia haradali mpaka zikaruka, akatia uwatu, pilipili kavu na majani ya mchuzi, akamimina vyote juu ya mtindi. Harufu ikajaa jikoni, nzuri kama siku zote, naye akaichukia. Alipakua, akapeleka.

Mzee Sleiman hakushika kijiko. "Kaa, binti yangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. Daphrose alikaa kwenye ukingo wa kiti. Upande wa kaskazini bunduki zililia mara mbili tatu, zikanyamaza. Mzee alikuwa akisoma dua kimoyomoyo, vidole vikihesabu, na sahani ikapoa mbele yao mpaka mafuta yakaganda juu.

Saa moja kasoro dakika kumi kamioneti liliingia uani.

Valéry alikuwa nyuma, ndani ya turubai la duka. Ghanima alikuwa amefunga pua na mdomo kwa mtandio, na alipoufungua alitapika kando ya gurudumu. Hakumruhusu Daphrose kufunua uso. "Mushike miguu," alisema. "Miguu ni yake bado." Daphrose aliishika.

Pontien alishuka mwisho. Shati lake lilikuwa na damu mpaka kiunoni. Ghanima ndiye aliyeeleza: wakati wa kurudi walisimamishwa na vijana walewale, wakafunua turubai. Wakamwuliza Pontien tena kama anamjua. Akasema, ni ndugu yangu. Wakacheka, mmoja akasema Samedi haukumujua, akampiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Zile katoni za sigara ndizo zilizowapitisha.

Walimzika asubuhi. Padri alisoma sala fupi, akaondoka mapema kwa sababu ya barabara. Mchimba kaburi hakuja kazini siku hiyo, kwa hiyo Pontien alichukua sepetu mwenyewe. Udongo ulikuwa mgumu. Alichimba akitema damu, na shimo lilipofika kimo cha kiuno akainua kichwa.

"Mama Orlane. Unisamehe."

"Chimba," Daphrose akasema.

Akachimba.

Wiki iliyofuata Daphrose alikwenda Uvira. Njia nzima alipanga maneno, akayapangua. Mabinti aliwakuta nje ya nyumba ya watu, wanachambua maharage, na kabla hajaketi walishajua. Walikuwa wamemtazama usoni. Mdogo alilia mpaka akalala. Orlane, ambaye alikuwa na miaka kumi na minne, hakulia. Aliendelea kuchambua, halafu akauliza:

"Nani alimuona papa mwisho?"

Daphrose alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

"Pontien," akasema.

Uso wa msichana ukalegea kidogo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Afazali," akasema. "Basi hakukufa kati ya watu asiowajua."

Daphrose alivuta ungo karibu, akaanza kuchambua maharage pamoja naye.