Siku Barabara ya Gereji Ilipobadilishwa Namba

Waliokuwepo sebuleni, kando ya gereji, ni Fundi Springi, mkewe, mama mkwe wake, na shemeji yake aliyekuwa dalali wa viwanja. Mnunuzi wa gereji angefika adhuhuri kuchukua jibu.

Juzi, barabara ya mchepuo inayouzunguka mji ilifunguliwa, na namba ya barabara kuu, Saba, ikahamishiwa huko. Barabara ipitayo mbele ya gereji, iliyokuwa ikibeba malori yote ya mizigo kutoka darajani, sasa iliitwa Sabini na Moja. Kibao chake kipya kilisimama karibu na geti, saruji ya nguzo haijakauka vizuri. Malori hufuata namba, na tangu juzi halikupita hata moja. Fundi hakuwa amepata usingizi. Gereji ile aliijenga kwa mikono yake, tofali juu ya tofali.

"Shemeji, uza mapema," dalali akasema. "Biashara imeshahama, wewe umebaki kulinda ukuta."

"Mimi naona raha tupu," mama mkwe akadakia. "Leo nimemsikia dada yangu ng'ambo ya barabara akipiga chafya. Miaka yote hiyo nilidhani ana adabu!"

Mkewe alicheka mpaka akajifuta machozi. Fundi hakucheka, aliinua kidole, wakanyamaza.

Nyuma ya ukuta, lori lilikuwa likipunguza mwendo. Fundi alikuwa na desturi iliyojulikana na kila dereva: alitambua ugonjwa wa lori kwa sikio, kabla halijaingia getini, na jeki ikawekwa mahali pake mapema. Mlio ulitoka ubavu ulio karibu na ukuta.

"Springi ya nyuma, kushoto," akasema, akatoka mbio na jeki.

Wengine wakamfuata. Lori lilikuwa limesheheni mizigo, limelalia upande. Upande wa kulia.

"Mkwe wangu," mama mkwe akauliza kwa upole wa uchokozi, "masikio nayo yamestaafu?"

Fundi aliona haya. Hakuwahi kukosea upande. Lori lenye mzigo hutokea darajani, na likitokea darajani, ubavu wake wa kushoto ndio unaopita karibu na ukuta. Kisha akaitazama pua ya lori. Ilielekea darajani.

"Dereva, umetokea wapi wewe?"

"Mchepuo, kaka. Springi imenikatikia katikati ya safari. Kule kusimama ni marufuku, na gereji hawaruhusu kujengwa. Nimejikongoja mpaka mwisho, nikaingia mjini kwa juu, nikarudi nyuma kukutafuta. Mwenzangu naye yuko njiani, anachechemea."

"Na namba imebadilika, umeipataje njia?"

"Madereva tumeshaambizana. Mzima afuate Saba, mgonjwa ashike Sabini na Moja."

Fundi alishusha pumzi ndefu, akaketi juu ya tairi. Mkewe akamshika bega.

"Sasa mnunuzi nimwambieje?" dalali akauliza.

"Mwambie asihangaike kuja." Fundi akasimama, akajipangusa suruali, akawageukia wote. "Nisikilizeni. Hatuuzi. Kibao cha gereji kigeuzwe leo hii, kitazame upande wa juu, na jeki zipangwe kulia. Na wewe, mama, mwite dada yako avuke. Barabara inapitika."