Mutanu Bado Yuko Nje ya Meza

Jumapili asubuhi Kalekye alimwogesha mjukuu wake kwenye karai la bluu, akamkausha katikati ya vidole, akampaka mafuta ya mgando mpaka magoti yakang'aa. Akamvalisha gauni la manjano na soksi zenye vifundo vya uzi. Kisha akakunja sweta ya kijivu, akaitia kwenye kiondo. Sweta hiyo ilikuwa ya binti yake Mutanu, mama yake mtoto, aliyefariki siku ya kujifungua, na ambaye kila Jumapili alikaa benchi la nyuma kanisani Laini Saba, Kibera, karibu na mlango, pale upepo unapoingilia. Jumapili iliyopita alikuwa amelalamika kwamba mikono inashikwa na baridi.

Kalekye aliishi Kawangware, akiuza muthokoi kando ya soko, yale mahindi yanayotwangwa yakatoka maganda. Zamani alikaa Kibera. Baada ya mazishi alihama, maana ukutani mwa chumba kile palikuwa na alama ya kiganja cha Mutanu, pale alipozoea kujishikiza akivaa viatu, na kila alipoipangusa ilirudi. Kawangware kulikuwa na tawi la kanisa lile lile, karibu na mlango wake, lenye spika mpya na sakafu ya vigae. Majirani walimwuliza kwa nini anajichosha na safari ya Kibera, na mtoto mgongoni.

"Mutanu alizikwa kabla sijahama," aliwajibu. "Hajui mahali nakaa."

Wakaona ni kweli, wakaacha kuuliza.

Basi alipita Dagoretti Corner, akashuka Olympic, akakatiza Sarang'ombe, akaifuata reli. Wauza mitumba walikuwa wanatandaza viatu kando ya reli, kushoto na kushoto, kulia na kulia. Mtoto alilala njia nzima.

Benchi lile la nyuma lina kazi yake. Katika kanisa hilo, msichana akipata mimba kabla ya ndoa anawekwa nje ya meza. Hapewi mkate wala kikombe, haimbi kwaya, na hukaa nyuma mpaka wazee wamrudishe. Atasoma darasa la Alhamisi, kisha atasimama mbele ya watu wote, akiri, na amtaje aliyekosa naye. Mutanu alimtaja hata kabla ya darasa kuanza. Alikuwa Timothy Muema, anayeongoza kwaya, mwana wa Mzee Mutuku, mwenyekiti wa wazee. Timothy alisema yeye na huyo dada ni watu wa salamu tu. Mzee Mutuku naye akasema msichana anayezama hushika mguu wowote anaouona majini. Mutanu akakaa nyuma na tumbo lake, Timothy akaendelea kuimba. Darasa halijaisha, Mutanu akafa. Na kwa kuwa alikufa akiwa nje ya meza, kanisa halikumzika. Alizikwa na majirani, na Obiero, fundi wa milango, ndiye aliyesoma zaburi.

Jumapili iliyofuata Mutanu alifika mapema, akapangusa benchi kwa ncha ya leso, akakaa. Everlyne, anayehesabu watu mlangoni, alifikiri kidogo, kisha akamhesabu pamoja na wageni. Mchungaji Shiundu alimwona, akaendelea na somo lake la hukumu.

"Cheki, huyu alidedi na bado anawahi kanisa kuliko wewe," kijana mmoja wa kwaya alimwambia mwenzake.

Tangu hapo Kalekye hukaa naye. Humpa mtoto, na Mutanu humpakata ibada nzima. Humnusa utosini, humkagua kucha, huuliza kama meno yanamsumbua. Mtoto hamwogopi. Baraka ya mwisho ikikaribia, Mutanu humrudisha mikononi mwa nyanya yake, na watu wakifumbua macho huwa hayupo.

Siku ile ile ya kwanza alimweleza mama yake jambo lilivyo. Alimwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kama alivyomwita tangu utotoni.

"Wakinirudisha mezani, mwaitu, naenda moja kwa moja. Sitarudi tena hapa."

Kwa hiyo Kalekye alikuwa na maombi mawili. Akiwa nyumbani aliomba Mungu ailainishe mioyo ya wazee. Akifika kwenye reli aliomba Mungu asiharakishe. Hakuona kama ni vibaya. Mungu amewahi kuwa na mama, angeelewa.

Jumapili hiyo ilikuwa ya meza. Mutanu alivaa sweta, akaifunga vifungo mpaka shingoni, akampakata mtoto. Sinia la vikombe likapita safu kwa safu. Lilipofika safu iliyo mbele ya benchi la nyuma, mzee aliyelibeba aligeuka kama alivyofundishwa. Hapo Kalekye aliuona mkono wa Mutanu. Uliinuka kidogo kutoka mgongoni mwa mtoto, ukaelekea kwenye sinia, ukarudi mahali pake. Mutanu mwenyewe hakujua kwamba umeinuka.

Mkono ule ulimshinda Kalekye. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, alisimama, akaomba binti yake arudishwe. Alilisema haraka, asije akapata nafasi ya kujizuia.

Mzee Mutuku alivua miwani. Hakuwa mtu wa kelele. Alieleza kwamba kanisa linahuzunika pamoja na mama, lakini utaratibu unataka mtu akiri kwa kinywa chake. Mutanu akampa mama yake mtoto, akasimama.

"Nilikosa," alisema. "Huko nimesema, na hapa nasema."

"Na huko uliambiwa nini?" Mchungaji Shiundu aliuliza. Amehubiri habari za huko miaka mingi, alitaka kujua.

"Nilisimama nikingoja kusomewa makosa. Akaniambia hayo alishayamaliza. Akaniuliza mtoto nimemwachia nani. Nikamwambia, mwaitu. Akasema ni vizuri. Kisha akaniuliza baba yake mtoto yuko wapi." Mutanu akamtazama mtoto. "Hapo ndipo nilipoona amekasirika."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia anaimba."

Timothy aliinama, akafunua kitabu cha nyimbo, akatafuta ukurasa. Mtoto alimnyooshea kidole, kama anavyowanyooshea kuku na pikipiki. Watu wakatazama paa.

Mzee Mutuku alivaa miwani tena. Alisema mshirika anayetoka mahali pengine hupokewa kwa barua ya huko alikotoka, na dada huyu hana barua. Wazee wakakubaliana kwa kuinua mikono. Mkono wa mchungaji uliinuka mwisho, ukaishia begani. Na kwa vile Mzee Nzuki, aliyefariki nje ya meza kwa kuwa na wake wawili, alikuwa ameanza kusimama mlangoni kila Jumapili akitafuta pa kukaa, ikapitishwa pia kwamba Obiero atengeneze benchi la pili.

Kalekye alikaa. Kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa furaha, na ilimchoma.

"Umefurahi, mwaitu," Mutanu alisema, akimpokea mtoto.

"Kidogo."

"Hata mimi. Kidogo."

Nje mtu alikuwa anagonga bati, na mtoto aliufuata mlio ule kwa kichwa. Kalekye alimtazama binti yake alivyokuwa akitazama mbele, kwenye kitambaa cheupe, kwa macho ya mtu aliye kituoni ambaye gari lake limepita limejaa. Akauliza kwa sauti ya chini jambo lililokuwa limemsumbua tangu mazishi, kama nafasi yake huko juu haitapewa mtu mwingine.

"Haipewi mtu," Mutanu alisema. "Meza iko tayari. Sahani zimefunikwa, watu wamenawa mikono. Lakini mwenyewe amesema haonji kitu mpaka sisi wa nyuma tufike."

"Tangu uende hajakula?"

"Hajakula, mwaitu."

Timothy alianzisha wimbo wa kufunga, na sauti yake ilikuwa nzuri kama kawaida. Mbele, wazee walikuwa wamesimama kuizunguka meza, wakimalizia mkate uliobaki, maana kwa desturi yao haulazwi.