Chokaa Isiyo ya Sikukuu

Ofisi ya Yogesh ya upimaji ardhi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitenge, kwenye mtaa mmoja wa Kariakoo uliokuwa umejaa maboksi ya televisheni za Dubai mpaka mwenda kwa miguu anakosa pa kukanyaga. Humo Hyasinta alikuwa mchoraji ramani. Zamani alichora kwa kalamu ya wino. Sasa alikaa mbele ya kompyuta mbili, kila moja na kitambaa chake cha kufuma, alichokifuma mwenyewe kuzuia vumbi.

Ulikuwa mwaka uliofuata zile mvua za El Nino. Yogesh alipata kazi ya kuchora mpaka wa mafuriko katika bonde la Jangwani. Nyumba itakayoangukia ndani ya mpaka itavunjwa, mwenyewe apewe kiwanja huko porini nje ya mji. Itakayobaki nje itaachwa. Na katika uchochoro wa mwisho pale bondeni, nyumba yenye mlango wa bluu na kizingiti kilicholika, alikaa Severa, mama yake Hyasinta. Alitoka Songea na mumewe, akamzika mumewe, akabaki na ile nyumba na biashara ya nguo za watoto za mitumba kwenye soko la Mchikichini, anakokwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Kumpeleka porini kulikuwa sawa na kumkata mikono.

Yogesh alikuwa amepewa programu mbili za ramani azijaribu kabla ya kununua. Akamwambia Hyasinta azipime kama mtu apimavyo vitenge viwili, kipi kinachuja na kipi kinadumu.

Ya kwanza waliipa jina la Bwana Haraka. Hujakaa vizuri kitini, imeshafunguka. Rangi zake nzuri, printa inaielewa, hata asiyejua anaizoea asubuhi moja. Ila haikupenda kona ndogondogo. Mstari wenye vipindapinda iliunyoosha ili iuchore upesi, kama mtu anayepiga pasi shati pamoja na vifungo vyake.

Ya pili wakaiita Bi Mkubwa. Hiyo ilitunza kila nukta uliyoipa. Lakini maswali yake hayaishi, na usipoyajibu yote haichori. Unashuka chini, unakunywa chai na chapati, unapanda ngazi, bado inawaza. Na umeme wa mgao ukikatika hapo, kazi yote imekwenda.

Hyasinta alizipa zote mstari uleule wa mafuriko, alioufuatisha mwenyewe kutoka kwenye picha zilizopigwa na ndege wakati maji yamejaa. Kwa Bwana Haraka, mpaka ulipita kule chini bondeni, laini kabisa, bila kuugusa uchochoro wa mwisho. Kwa Bi Mkubwa, ulipofika uchochoro wa mwisho ulitoa ulimi mwembamba, ukapenya katikati ya nyumba, ukaulamba mlango wa bluu na kusonga mbele.

Yogesh aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa kioo. "Huu ulimi umetoka wapi?"

"Ndivyo ulivyo mstari nilioufuatisha, bosi."

"Au mkono uliteleza? Wiki ile ulikuwa na mafua, unapiga chafya kama pikipiki mbovu."

Mkono haukuteleza. Pale ndipo alipokwenda taratibu kuliko kote, kwa sababu aliliona paa la mama yake limekaa juu ya maji kama sahani kwenye karai.

"Labda, bosi," akasema.

Yogesh akajikuna shingo. "Basi Wilbert aende kesho kutwa akatazame kuta. Maji yakiingia ndani yanaacha mstari. Akiuona, nanunua Bi Mkubwa, hizo chai zenu nitazivumilia. Asipouona, nachukua Bwana Haraka."

Jioni Hyasinta alipitia kwa mama yake. Akamkuta anapanga vigauni, vya kola huku, visivyo na kola huku.

"Wanakuja kuangalia nini hasa?" Severa aliuliza.

"Mstari wa maji ukutani, mama."

Severa akageuka taratibu. Mstari ulikuwepo, wa kahawia, usawa wa kifua cha mtu mzima, umezunguka nyumba yote. Alikuwa akingoja Pasaka aufunike, maana nyumba yake aliipaka Pasaka na Krismasi, kama jirani yake Mzee Shaibu, mjumbe wa mtaa, alivyopaka kila Idi.

"Shaibu amebakiza chokaa," Severa akasema, kama anayejisemea.

Hapo Hyasinta angeweza kunyamaza. Angeweza kusema hapana. Akauliza, "Brashi unayo?"

Wilbert, mpima ardhi wa ofisi, alirudi na viatu vyenye madoadoa meupe.

"Dada Hyasinta, uchochoro wa kwenu unang'aa kama meno ya kwenye kalenda. Kuna harusi?"

"Watu wanapenda usafi."

"Wakristo na Waislamu, siku moja? Si Idi, si Pasaka." Alikuwa anatabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Na kila niliyemuuliza kaniambia maji yalipita kule chini. Wote kwa maneno yaleyale, bosi, mpaka nikasikia baridi."

"Wilbert," Yogesh akasema, "mstari upo au haupo?"

Wilbert akamtazama Hyasinta. Hyasinta akatazama kitambaa chake cha kufuma.

"Haupo."

Bwana Haraka akanunuliwa. Ramani ikatoka na rangi zake, jina la ofisi likiwa chini pembeni, na Mzee Shaibu akaigongomea nakala yake mlangoni ndani ya nailoni. Kabla ya kumfuta Bi Mkubwa kwenye kompyuta, Hyasinta alimfungua mara ya mwisho. Ulimi ulikuwa palepale, umelala katikati ya nyumba.

Masika yakaingia. Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri bila kupumzika, na ilipofika saa sita mchana mbingu ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Hyasinta akaomba ruhusa, akashuka Jangwani.

Alipoingia uchochoroni akasimama. Chokaa ile ilipakwa kwa pupa, hakuna aliyekumbuka kuitia chumvi ili ishike. Ilikuwa inateremka kutani kama maziwa, na nyuma yake, nyumba baada ya nyumba, mstari wa kahawia ulikuwa unatoka, wote usawa mmoja.

Mama yake alikuwa ameketi kitandani, vigauni vimefungwa furushi mapajani.

"Mama, tuondoke."

"Twende wapi? Yale yalikuwa ya El Nino, na ninyi si mmesema tuko nje?"

"Nilijua tuko ndani. Mkono wangu haukuteleza. Nilijua tangu mwanzo."

Severa alimwangalia kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mtu mwingine usoni pake. Kisha akachukua rozari msumarini, akabeba kifurushi chake kichwani, akatoka bila kufunga mlango.

Hyasinta alimtazama mpaka alipokaribia barabara ya juu. Hapo akakimbilia kwa Mzee Shaibu, akagonga. Mzee akafungua, mjukuu begani, harufu ya maandazi ikatoka naye.

"Shikamoo, mzee. Waambie watu watoke, maji yatapita hapa, katikati ya nyumba."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Ramani yetu si sahihi."

Mzee Shaibu akaigusa nailoni kwa kidole. "Binti, jina la ofisi yenu si hili hapa? Mwezi uliopita tuko nje, leo tuko ndani. Mnatutaka tukimbie ili mje mvunje." Akaufunga mlango, pole kabisa, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

Maji ya uchochoroni yalikuwa meupe kwa chokaa, yakishuka kuelekea bondeni. Hyasinta aliyatazama yakisita, yakasimama. Kisha yakaanza kurudi. Nyuma yake maji ya kahawia yalikuwa yanayasukuma kutoka bondeni, membamba, bila kelele, yakipanda katikati ya nyumba palepale alipoyachora.

Akaugeukia mlango wa Mzee Shaibu, akaanza kuupiga kwa ngumi zote mbili. Ndani mtu akaongeza sauti ya redio.