Barolo ya Meza ya Nne

Chaman alizaliwa Zanzibar, ghorofani juu ya duka la vitambaa la babake, mtaa wa Mkunazini. Baada ya Mapinduzi duka na nyumba vilichukuliwa, familia ikaondoka na masanduku mawili. Kufikia mwaka 1976 alikuwa mhudumu katika mgahawa wa Kiitaliano katikati ya London, na miongoni mwa wahudumu hapakuwa na aliyeijua divai kama yeye.

Tajiri wake, Renzo, alimfundisha kwa miaka tisa, hasa Barolo, divai nyekundu ya vilima vya kwao. Ni kali, hukamata ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Hufunguliwa saa kadhaa kabla, ikaachwa itulie mpaka inukie waridi na lami, kisha hunywewa kwa nyama nono iliyoiva taratibu.

Adhuhuri moja akaingia Hamad, akaketi meza ya nne. Chaman alimtambua tangu mlangoni. Ndiye aliyekuja na karatasi ya serikali, na mamake Chaman akamkabidhi funguo za nyumba mkononi. Hamad hakumtambua, ila aliposalimiwa kwa Kiswahili, uso ulimchanua.

"Loo! Kumbe mtu wa kwetu! Hebu nichagulie kinywaji, ndugu yangu, mambo haya mie siyajui. Nitakula samaki wa kuchoma."

Chaman alijua cha kumpa: divai nyeupe, ya baridi. Alijua pia kwamba Barolo juu ya samaki huacha ladha ya chuma mdomoni.

"Chukua hii Barolo, bwana," akasema, akimwonyesha kwa kidole kwenye orodha. "Hatuna iliyo bora kuliko hii."

Akaifungua papo hapo, akamimina.

Hamad alikunywa, akakunja uso, akala, akanywa tena. Chaman alisimama kando akingoja raha imjie. Haikuja.

"Labda ulimi wangu ndio mshamba," Hamad alisema kwa haya, akajilazimisha kumaliza glasi ya pili. Wakati wa kuondoka alimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Ahsante sana. Wiki nzima hapa watu wananifanya mjinga. Wewe peke yako umeniheshimu."

Renzo alikuja mezani, akatazama chupa iliyobaki nusu, akatazama na miiba sahanini.

"Ameitaka mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Nimekuona ukimwonyesha kwa kidole, Chaman."

"Yule alitutoa nyumbani kwetu."

"Basi ungekataa kumhudumia, ningekuelewa. Ungemtukana, ningekuelewa. Lakini mtu kakuuliza anywe nini, nawe ukamdanganya kwa divai yangu. Nikuamini vipi tena?"

Tangu siku ile chupa za divai alizishika Douglas, mhudumu mpya aliyekuwa bado akikosea majina ya divai zenyewe. Chaman alibaki miaka miwili zaidi, akipeleka mikate na kufuta meza. Wateja wa zamani walipomwita wamwombe ushauri, alitikisa kichwa.

"Mwulizeni yule pale," aliwajibu, akaendelea kukusanya sahani.