Alama Tisa za Eugene

Mchezo ulikuwa bado haujaanza kuuzwa Doha, na Eugene alikuwa ameshaupa alama. Tisa kwa kumi, akatangaza kwenye chaneli yake, huku ukutani nyuma yake ikining'inia jezi nyeusi aliyotumiwa na waliouunda. Alikuwa amesoma wahakiki watatu wa ng'ambo waliousifu, na hilo lilimtosha.

Arafa alikuwa mwenzake katika chaneli hiyo. Walifanya kazi hoteli moja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Eugene msimamizi wa walinzi, Arafa mapokezi, na kila Ijumaa walirekodi uhakiki wa michezo ya video kwa Kiswahili chumbani kwa Eugene kule Najma. Arafa haendi peke yake nyumbani kwa mwanamume, kwa hiyo Mariamu, anayeishi naye chumba kimoja, alimsindikiza kila mara, akakaa karibu na mlango akila njugu.

Mchezo wenyewe uliitwa *Kina cha Barafu*. Wachimbaji wamekwama kwenye mwezi wa mbali, kuna kiumbe kinatambaa ndani ya mabomba ya hewa, na mchezaji ndiye anayeamua nani aokolewe na nani afungiwe nje. "Kila uamuzi una uzito," lilisema tangazo. Eugene aliyarudia maneno hayo kama dua.

Arafa alichukua nakala waliyotumiwa, akaucheza chumbani kwake mpaka mwisho. Alipoulizwa amfungulie mlango nani, alimfungulia muuguzi, akawaacha wengine. Alijisikia vibaya kweli, hata akasimama kwenda kunywa maji. Alipoendelea, muuguzi yule alianguka kwenye ngazi ya chuma akafa, na hakuna aliyemtaja tena. Arafa akaanza upya. Safari hii alimwacha muuguzi akamwokoa fundi wa umeme. Fundi akasema maneno yaleyale ya muuguzi, kuhusu binti aliyebaki nyumbani, akapanda ngazi ileile, akaanguka.

"Wallahi wametuona mazuzu," Arafa alimwambia Mariamu.

Akaanza mara ya tatu, akamwokoa nahodha, mtu aliyeongea tangu mwanzo kama anayesoma maelekezo ya mashine ya kufulia. Naye pia alikuwa na binti nyumbani. Na hicho kiumbe, kilipojitokeza hatimaye, kilifanana na pweza aliyevalishwa soksi. Arafa, aliyekulia Unguja akinunua pweza sokoni Darajani, alicheka mpaka Mariamu akamwambia anyamaze, majirani wa zamu ya usiku wamelala.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, walienda hewani moja kwa moja.

"Watu wangu, hii game itawanyima usingizi!" Eugene alianza. "Arafa, hebu waambie vile uliogopa."

"Mie sikuogopa. Nilichoka."

Eugene akacheka, meno yote nje. "Anajifanya ngumu huyu. Lakini zile choices, aki, zinauma."

"Uchaguzi gani? Uokoe huyu, umwache yule, wote wanakufa ngazi moja kwa maneno mamoja. Huo si uchaguzi, ni dharau. Wametuuzia mlango mmoja wakaupaka rangi tatu. Na hicho kiumbe chao ni pweza aliyevalishwa soksi. Na hao waliotoa alama tisa, ama hawakucheza, ama—"

"Arafa," Mariamu aliita kutoka mlangoni, simu mkononi. "Huna sauti."

Arafa akatazama skrini ya simu. Midomo yake ilikuwa ikienda, maikrofoni yake imezimwa, na kinachosikika ni Eugene akiwashukuru waunda mchezo. Chini yake maoni yalimiminika: arudi jikoni, mwanamke anajua nini kuhusu michezo ya kutisha, mleteni mwanamume mwingine. Eugene aliyasoma yote. Hakufuta hata moja.

Usiku huo alimwandikia ujumbe: "Siz, tuchukue break kidogo. Chaneli inataka watu positive."

Arafa akaizima simu, akalala. Kwa siku kadhaa walipishana hotelini wakisalimiana kama wageni, na Arafa aliumia kuliko alivyotaka Mariamu ajue.

Kisha watu walioununua mchezo wakaanza kuumaliza. Hasira ikapanda kila mahali, na wahakiki walewale wa ng'ambo wakaanza kuandika kwamba tangu mwanzo walikuwa na mashaka. Eugene naye akatoa video mpya. Jezi haikuwepo tena ukutani. Kwa uso wa mtu aliyefiwa alieleza jinsi alivyogundua ngazi moja inaua kila mtu, jinsi mlango mmoja ulivyopakwa rangi tatu. Akasema pweza aliyevalishwa soksi. Watu walimsifu kwa ujasiri wake.

"Maneno yako hayo!" Mariamu alipiga kelele. "Huendi kumkabili?"

"Nimkabili nani? Huyo hana hata maneno ya kunijibia."

Eugene ndiye aliyekuja. Alifika mapokezi akiwa na vikombe viwili vya chai ya karak, akaegemea kaunta.

"Arafa, rudi bwana. Kuna sehemu ya pili inakuja, waliouunda wameshanitafuta tena. Mimi na wewe tuirarue."

"Ile ya kwanza uliimaliza?"

Eugene akageukia milango ya kioo. "Niliangalia clips."

"Video yote ile, na hukuimaliza?"

"Wewe si ulimaliza? Ni kitu kimoja. Sisi ni timu."

Arafa alikuwa amejiandalia maneno makali ya siku kama hiyo. Sasa alimwona amesimama pale na vikombe vyake, akisubiri kuambiwa ndiyo, akayaona maneno yenyewe ni mengi mno kwa mtu kama huyu.

"Kanywe chai yako nje, Eugene. Hapa ni pa wageni."

Familia moja ikaingia na masanduku yao. Arafa akawakaribisha kwa Kiarabu, akaomba pasipoti. Eugene alisimama kidogo kando, kisha akaondoka na vikombe vyote viwili.

Arafa alidhani angefurahi. Hakufurahi. Alihisi njaa tu, na zamu ilikuwa bado ndefu.