Mkono wa Kulia wa Orrin Scoville

Treni ya saa nne asubuhi kutoka New Haven iliingia Quinnam imechelewa dakika kumi na saba. Asahel Jacklin akapakua mapipa mawili ya molasi, kreti ya vioo vya saa za ukutani, gunia la barua, na mkono. Ulikuwa mkono wa kulia wa mwanamume mweupe, umekatwa inchi nne juu ya kiwiko. Ulivaa kipande cha koti la buluu la jeshi kilichofungwa kwa kamba ya viatu upande wa juu, na ulishuka wenyewe kutoka behewa la mizigo, ngazi baada ya ngazi, ukitembea kwa vidole.

Asahel alikuwa mpagazi wa stesheni ile kwa mwaka wa ishirini na mbili. Alishawahi kupokea dubu, na safari moja jeneza lililoandikwa "vyombo vya udongo." Aliuandika mkono kwenye daftari la mizigo, chini ya gunia la barua, ndipo alipoona karatasi iliyochomekwa kwenye ile kamba. Mwandiko aliujua kabla hajausoma. Ulikuwa wa Ruel, mwanawe wa pekee, aliyekuwa kwenye mahandaki ya Virginia na kikosi cha weusi cha Connecticut, wakipigana na wenye watumwa.

"Baba, shikamoo," Ruel aliandika. "Huu ni mkono wa Bwana Orrin Scoville wa kiwanda cha saa. Ulikatwa mwezi wa sita, ukazikwa nyuma ya hema la daktari. Wiki iliyopita ulitoka ardhini, ukaanza kutafuta kalamu. Unataka kuja nyumbani kupiga kura. Maofisa wa jimbo wamepita huku na masanduku, wakawapigisha kura askari wa Connecticut handaki kwa handaki. Walipofika kwetu wakauliza njia, tukawaonyesha. Kwa hiyo nimeona afadhali niutume mkono. Usiulaze chali, haupendi."

Asahel alikunja barua akaitia mfukoni, upande wa moyo. Kisha akaubeba mkono kwapani hadi kwa Scoville.

Orrin Scoville alikuwa mezani akila maharage kwa mkono wa kushoto, na nusu ya maharage ilikuwa kwenye shati. Alikwenda vitani akiwa mtu wa Rais, akarudi mtu wa Jenerali, yule aliyegombea kwa ahadi kwamba vita vitamalizwa kwa mazungumzo. Picha ya Jenerali ilikuwa imebandikwa dirishani.

"Asahel, nini hicho?"

"Mzigo wako, Bwana Orrin. Tia sahihi hapa."

Orrin akaitazama kalamu, akautazama mkono. Mkono ukachukua kalamu ukatia sahihi.

Mkewe, Mehetabel, aliupokea kwa kitambaa safi, akauosha udongo wa Virginia kwenye kucha, akausogeza karibu na jiko. Ulipopata joto ulikwenda dirishani ukaibandua picha ya Jenerali. Orrin akainuka akairudisha. Mkono ukaibandua. Mchezo huo ulirudiwa mara nne, mpaka Mehetabel akauliza kama wanakula au wanagombana, maana yeye ana nguo za kufua.

Mkono ukaomba ubao na chaki. "Nampigia Rais," uliandika.

"Huna haya," Orrin alisema. "Miaka thelathini na minne nimekulisha."

"Nani alikuwa anamlisha nani?" mkono uliandika.

Mehetabel alicheka hadi akaketi. Orrin hakucheka. Alisema yeye amechoka na vita, na mtu aliyepoteza mkono ana haki ya kuchoka. Mkono ukafuta ubao kwa kiganja, ukaandika polepole zaidi: "Wewe ulirudi. Mimi nilibaki nimezikwa huko miezi mitano. Sitaki iwe nilizikwa bure." Orrin aliusoma ule ubao, kisha akamwambia Asahel kwamba uchaguzi ni Jumanne, na kama huo mkono unataka kwenda kokote, yeye haubebi.

"Nitaubeba mimi," Asahel alisema.

Kabla ya jioni Quinnam nzima ilikuwa na habari, na wote walifanya hesabu ileile. Katika uchaguzi wa Aprili watu wa Rais walipata mia mbili na mbili, wa Jenerali mia mbili na moja, na sasa Orrin amerudi kuwasawazisha. Jimbo zima nalo lilikuwa hivyohivyo, likiinama huku na huku. Watu wa Rais walianza kuupelekea mkono salamu, na mmoja akaupelekea glavu. Watu wa Jenerali walisema mkono unapiga kura kama sehemu ya Orrin au haupigi kabisa, na mikono ikiruhusiwa leo, kesho itakuja miguu.

Halmashauri ilikaa Jumamosi kuandikisha wapiga kura wapya. Wajumbe walikuwa watatu, mmoja wa kila upande, na mwenyekiti Shemasi Philo Granniss, ambaye alimpenda Jenerali lakini aliipenda sheria zaidi. Asahel aliingia na mkono kwapani na Biblia ya Ruel mfukoni. Yeye mwenyewe alikuwa na shauri lake. Kila mwaka kwa miaka kumi na tisa alikuja kuomba kuandikishwa, na Shemasi, ili kuokoa muda, alikuwa ameshazoea kuandika jina lake kwenye orodha ya waliokataliwa kabla hajafika.

"Tuanze na mgeni," Shemasi alisema. "Kwanza makazi."

"Umezaliwa hapahapa," alisema mtu wa Rais. "Ulikuwa safarini kikazi."

"Umri?"

"Sawa na Orrin. Labda miezi michache pungufu, maana mkono huchelewa kuota."

"Tabia njema?"

"Ulinipiga ngumi kwenye maonyesho ya kilimo," alisema mtu wa Jenerali. "Mwaka wa hamsini na nane. Jino hili hapa."

Shemasi alifikiri. Akaamua kwamba wakati huo mkono ulikuwa chini ya Orrin, hivyo ngumi ile ni ya Orrin.

"Shemasi, hauna kichwa," mtu wa Jenerali alisema, sasa kwa kuomba.

"Sheria haisemi kichwa. Tukianza kudai vichwa, Ebenezer, nusu ya daftari hili tutaifuta, na upande wako ndio utakaoumia."

Ikabaki kusoma, kwa kuwa Connecticut haikumwandikisha asiyeweza kusoma katiba. Shemasi akaufungulia mkono kitabu. Mkono ukapitisha kidole cha shahada juu ya maandishi, mstari kwa mstari, na kunakili ubaoni ulichokisoma. Shemasi alitaka kuhakikisha, lakini miwani aliisahau nyumbani, na wale wajumbe wawili hawakuaminiana.

"Asahel," alisema, "wewe una macho mazuri. Hebu tusomee hapo, tulinganishe."

Asahel akakishika kitabu. Alikuwa hahitaji kukitazama. "Kila raia mweupe wa kiume," alisoma, "aliyetimiza umri wa miaka ishirini na mmoja." Akaendelea hadi mwisho wa kifungu kwa sauti ileile aliyoitumia kutangaza treni. Kisha akasema kwamba mkono umeruka herufi moja kwenye neno "makazi," lakini kwa maoni yake ni uchovu wa safari.

"Basi mkono unasoma," Shemasi alisema. "Ni raia, ni wa kiume, hilo nadhani hakuna anayelibishia. Na ni mweupe." Aliugeuza kidogo kwenye mwanga wa dirisha. "Umeungua jua kidogo, lakini ni mweupe. Inua mkono wa kulia, ule kiapo."

Mkono ukajiinua. Haukubakiza kitu mezani.

Shemasi alipomaliza kuuapisha, alimwagiza karani kwamba katika vitabu vya mji isiandikwe tena "mkono umefika" au "mkono umeomba." Mpiga kura ni mtu. Itaandikwa "mkono amefika, mkono ameomba." Karani akasahihisha.

"Na mimi, Shemasi?" Asahel aliuliza.

Shemasi alivua kofia, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu. "Asahel, unajua tunavyokuheshimu. Hakuna anayebeba sanduku kama wewe."

Mkono aligonga meza. Akachukua chaki akaandika: "Mwandikisheni na huyu. Kijana wake ndiye aliyenileta."

"Kikao kimefungwa," Shemasi alisema. "Kingekuwa wazi ningelisoma hilo."

Jumanne ilinyesha mvua nyembamba isiyokatika. Asahel alimbeba mkono hadi ukumbi wa mji chini ya mwavuli wa Mehetabel, akamfikisha kwenye kamba iliyowatenga wapiga kura, akamweka sakafuni. Kutoka hapo mkono alikwenda mwenyewe, na karatasi ya kura ya Rais kati ya vidole viwili, akapanda mguu wa meza na kuitumbukiza. Orrin alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Alitumbukiza yake kwa kushoto, ikakwama, na mkono akamsukumia ikaingia. "Asante," Orrin alisema kwa mazoea, kisha akakasirika.

Kura zilihesabiwa jioni. Rais mia mbili na tatu, Jenerali mia mbili na mbili. Watu wa Rais walimbeba mkono juu kwa juu wakizunguka naye ukumbini, na kwa sababu alikuwa mwepesi walimwangusha mara mbili. Siku zilizofuata ikajulikana kwamba jimbo zima lilikwenda kwa Rais, kwa tofauti ya kura chache, na vita vingeendelea hadi wenye watumwa washindwe. Asahel alizisikia shangwe akiwa nje ya kamba, mwavuli bado mkononi. Alifurahi, na furaha ilikuwa ya kweli, kwa kuwa alijua Ruel anapigania nini. Ila haikupata mahali pa kukaa ndani yake. Alitembea nayo hadi nyumbani kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani.

Mkono hakurudi Virginia. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote Quinnam, na karani wa mji alipofariki mwezi wa pili, mkono alichaguliwa mahali pake bila mpinzani. Nyumbani alimpasulia Mehetabel kuni. Orrin hakusema naye mpaka vita vilipokwisha, kisha wakaanza kucheza drafti, na mkono alishinda mara nyingi.

Oktoba ya mwaka uleule wanaume wa Connecticut waliulizwa kama neno "mweupe" litolewe kwenye katiba. Mkono alipiga kura ya ndiyo, akaongea na kila mtu kwa ubao wake, akamaliza chaki mbili. Quinnam ilisema hapana, na jimbo likasema hapana. Mwezi uliofuata Ruel alishuka kwenye treni ya saa nne, ana mistari mitatu ya sajenti begani. Asahel alimpokea begi lake kwanza kabla ya kumkumbatia, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imezoea utaratibu huo, na alipogundua alilolifanya aliliweka begi chini, akaanza upya.

Mwezi wa tatu halmashauri ilikaa tena. Baba na mwana walikwenda pamoja. Ruel alikisema kifungu cha katiba chote kwa moyo, kitabu kimefungwa.

"Vizuri sana," Shemasi Granniss alisema. "Karani, andika. Ruel Jacklin, miaka ishirini na mitatu, sajenti, tabia njema, anasoma. Amekataliwa. Sababu."

Mkono aliandika yote kwa mwandiko wake wa kuvutia. Alipofika kwenye "sababu" aliweka nukta mbili, akailaza kalamu.

"Karani, sababu," Shemasi alirudia.

Mkono alishuka kwenye meza, akavuka sakafu, akasimama kando ya buti la Ruel. Ruel akamtazama. "Umenenepa," alimwambia kwa sauti ya chini, na kidole gumba kikagusa ngozi ya kiatu.

Shemasi hakukasirika. Alisema karani ana haki ya kupumzika. Akatupa macho kwenye mabenchi, akamwona Orrin Scoville, ambaye majira yote ya baridi alikuwa akijifunza kuandika kwa kushoto kwenye ubao wa mkewe.

"Orrin, njoo utusaidie. Ni neno moja tu."

Orrin alikuja akaketi. Aliichovya kalamu, akamtazama Asahel. "Usinichukie, Asahel. Umesikia mwenyewe. Ni neno moja."

"Nalijua, Bwana Orrin. Andika, usije ukauacha wino ukakauka."

Orrin akainama, ulimi nje ya meno, akaandika: *rangi.* Lilitoka limepinda, lakini lilisomeka.